Saumu ya Punda Mnono

Nilimfungisha punda Ramadhani. Nalisema mapema kwa sababu najijua: nikianza na mengine nitatafuta mlango wa nyuma wa kutokea, na mlango huo nimeshautafuta sana, haupo.

Punda mwenyewe hakuwa wangu, alikuwa wa mama. Kabla bomba halijafika mtaani kwetu, nje kidogo ya Msambweni, mama alikuwa muuza maji. Akishasali alfajiri humtandika punda, mitungi miwili ubavu huu, miwili ubavu ule, wakaenda kisimani na kurudi, wakapita nyumba kwa nyumba mpaka jua likawa la utosi. Baba alikuwa ameshafariki, nasi tulikuwa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu. Sare zetu za shule, daftari, mafuta ya taa, dawa za homa, vyote vilipita mgongoni mwa punda yule. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Huyu, miaka yote hiyo, hakumpiga mtu teke hata moja. Mama alikuwa akimwambia hivyo kila mgeni, hata asiyeuliza.

Bomba likaja. Siku lilipofunguliwa wanawake walipiga vigelegele, na mama akapiga pamoja nao, kisha akarudi nyumbani akakaa barazani hana la kufanya. Punda naye akasimama bandani hana la kufanya. Wakaja watu kutaka kumnunua, mmoja abebee mchanga wa ujenzi, mmoja abebee nazi. Mama akawakatalia wote wawili. "Nimuuze mwenzangu? Na mimi, je, mtanipeleka soko gani?"

Basi akawa anamlisha. Mama yangu ni mwembamba, ufito una nyama kumshinda. Hula matonge mawili matatu akasema alhamdulillahi, na kilichobaki kikapelekwa bandani: ugali, maganda ya ndizi, mashudu ya nazi, chapati za jana, na kila asubuhi beseni zima la pumba za mahindi. Chapati alikuwa akiikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiganja alichokinyoosha sawasawa, vidole amevibana meno yasije yakavipata, akamsogezea mdomoni polepole huku akimpa habari za mtaa. Nani ameolewa, nani yuko hospitali, nani kagombana na nani. Punda akatafuna, masikio yamemwelekea yeye. Nikija likizo nilikuwa nikiwatazama nacheka. Baadaye nikawa sicheki.

Kwa sababu punda alinona, na sisemi kunona kwa kupendeza. Mafuta yalimjaa juu ya shingo, pale penye nywele, yakafanya tuta. Tuta likawa zito, shingo ikashindwa kulisimamisha, likaanguka upande wa kushoto na nywele zake, likalala hapo hapo. Matakoni alikuwa na mabonge mawili kama mikate iliyoumuka. Akitembea, tumbo lilikwenda huku na huku. Jirani yetu alimwuliza mama siku moja, "Shoga, mimba ya punda wako ni ya miezi mingapi?" Mama akamjibu, "Mwanakwetu, huyu ni dume!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nami sikucheka, kwa sababu mimi mwenyewe ni bonge. Nimelitamka neno hilo kabla hujalitamka wewe, ndiyo desturi yangu tangu shule. Nimefanya kazi miaka mingi jikoni mwa hoteli moja ya Diani, upande wa mikate na keki, na watu walidhani ninanona kwa kudokoa. Wallahi sikuwa nikidokoa. Nilikunywa maji ya moto na ndimu. Niliacha wali, mimi mtoto wa pwani, nikaacha wali! Nilikula mara moja kwa siku. Nilitembea mchangani alfajiri kabla ya zamu, vidole vya miguu vimechubuka. Na nilipungua, ndiyo, nikapungua hata watu wakaniuliza kama naumwa. Lakini nikirudi kula kama binadamu mwengine, mwili ulirudi pale pale ulipokuwa, ukapita na kidogo, kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake, akirudi anaongeza na chumba. Mara tatu hivyo. Mara ya nne magoti yakasema basi, nikaacha kazi, nikarudi kwa mama.

Ndivyo nilivyokuja kukaa nyumba moja na mama mwembamba na punda mnono. Kila nilipomtazama yule mnyama nilijiona mimi. Hapo ndipo hasira ilipoanzia.

Bwana mifugo alipita mtaani kuchanja mbwa. Alikuwa mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake cha mbio mbio, nusu Kizungu. Mama alimwita kwa sababu punda alikuwa akikanyaga kwa uangalifu, kama mtu anayepita juu ya makaa. Bwana mifugo akamshika kwato, zina moto. Akamshika shingo, akabonyeza lile tuta lililolala. Akasema, "Mama, hii punda ni mgonjwa. Imenona mpaka imekuwa ugonjwa."

"Mgonjwa? Punda anayekula vizuri namna hii?"

Akamweleza kwa heshima. Punda si mnyama wa neema, alisema. Asili yake ni nchi kavu, hupewa majani makavu na miba akaishi nayo, na kila akipatacho cha ziada mwili wake hukificha. Huyu mwili wake ulikuwa ukificha mafuta kila siku tangu aache kazi. Na lile tuta la shingo, likishaanguka, halisimami tena hata akikonda. Tumpunguzie, akasema, lakini polepole. Tuchanganye pumba na mabua makavu, mabua yazidi kila wiki, na tumtembeze kwato zikipoa. Itachukua miezi. "Msimnyime ghafla," akasema. "Punda mnono hanyimwi ghafla."

Nililisikia hilo. Sitasema sikulisikia.

Mama alimshukuru, akampa dafu mbili, na jioni ile ile akamkunjia punda chapati. Nilipomkemea akaniambia, "Mwanangu, mimi mkono wangu haujui kunyima. Ningefundishwa nikiwa mtoto, si sasa." Tukagombana. Tuligombana sana miezi ile, kwa sauti ndogo kwa ajili ya majirani. Nilimwambia anamuua kwa mapenzi. Akaniambia, "Basi wewe umpende, uone kama utaweza kumuua." Maneno hayo aliyasema kwa mzaha.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama mdogo wangu akajifungua kule Majoreni, na mama akafungasha leso zake akamwangalie mzazi. Aliaga bandani kwanza, ndipo akaja kwangu. "Pumba asubuhi, chapati jioni. Na uzungumze naye, hakuzoea kimya." Nikamwambia, "Haya, mama. Wende salama, usiwe na wasiwasi." Gari lilipoondoka nilisimama uani nikamtazama punda, naye akanitazama.

Nikamwambia, "Sasa tumebaki mabonge watupu."

Kwa nini nilifanya nilivyofanya? Nimejiuliza nikikosha vyombo, nikiwa kwenye msala, nikiwa foleni kliniki. Jibu ni la aibu. Ramadhani ilipoingia mimi nilikuwa na nia mbili, moja ya Mwenyezi Mungu, na nyengine ya mizani ya kliniki. Kila mwaka hujidanganya hivyo: mwezi huu nitatoka nimepungua. Na kila mwaka natoka nimezidi, kwa sababu nikifuturu, nafuturu. Mwaka huu nikasema nipate mwenza. Mtu akiwa na mwenza haoni aibu kushindwa, na huenda asishindwe. Nikasema sote wawili tuna mafuta ya kutosha mwezi mzima, mafuta yana kazi gani kama si hiyo? Na mama hayupo wa kukunja chapati. Nikaona kama mlango umefunguliwa na Mungu mwenyewe. Astaghfirullahi.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mfungo sikupeleka beseni la pumba. Nilimfunga kamba bandani asije akatoka kudoya maganda ya majirani. Maji nilimwekea, sikuwa katili kiasi hicho, ama ndivyo nilivyojiambia. Adhana ya magharibi ikilia nilimpelekea konzi moja ya majani makavu, nikamwambia, "Bismillahi, futuru." Kisha nikaingia ndani nikala tende, nikanywa uji wa pilipili manga, nikala muhogo wa nazi, nikala kaimati zilizolowa shira mpaka kwenye kiwiko.

Siku tatu za mwanzo alilia. Saa ya pumba alilia, saa ya chapati alilia, ule mlio wa punda wa kukwangua koo. Jirani akaniuliza kulikoni. Nikamwambia, "Amefunga huyu, ndio ananung'unika." Akacheka, nami nikacheka. Habari ikaenea kuwa yule bonge na punda wake wamefunga pamoja, na watu wakipita walikuwa wakiita kutoka barabarani, "Punda hajambo? Saumu yamwendaje?" Nilijibu, "Inamwenda vizuri, inshallah atamaliza." Nilifurahi kwa mzaha ule. Kwa mara ya kwanza watu walinichekesha juu ya unene bila kunichoma.

Siku ya tano akanyamaza. Nikasema, mashallah, amezoea.

Siku ya sita ile konzi ya majani niliyoweka magharibi niliikuta asubuhi haijaguswa. Nikasema anadeka, anamtaka mama. Ya saba vivyo hivyo. Mama alikuwa akipiga simu kila baada ya tarawehe, na swali lake la kwanza, kabla ya kuniuliza mimi, lilikuwa, "Hajambo mwenzangu?" Nikamjibu, "Hajambo, mama. Anakusalimu." Usiku namjibu hivyo, na kesho yake nashinda na njaa nikitaraji thawabu. Tumbo nililifunga, ulimi sikuufunga.

Siku ya nane nilimkuta amesimama kwenye pembe ya banda, kichwa amekiinamisha karibu kiguse ukuta, masikio yameanguka. Pumzi yake ilinuka, harufu ya kitu kilichooza chenye utamu. Nikaogopa. Hapo hapo nikasema basi, saumu imekwisha, nikakimbia jikoni na magoti yangu haya, nikajaza beseni la pumba mpaka likamwagika. Nikaliweka chini ya mdomo wake. Mnyama ambaye miezi iliyopita angekupora chapati mkononi akaigeuza pua upande wa pili. Nikaileta chapati. Akaigeuza pua. Nikaikunja kama mama, nikakinyoosha kiganja kama mama, nikamsogezea. Alinitazama tu. Sijawahi kuona kitu cha kuogofya kama mnono asiyetaka kula.

Nikampigia simu mama. Nilimwambia, "Mama, rudi. Mwenzako hali yake si nzuri." Sikumwambia zaidi. Akasema, "Natoka sasa hivi."

Kisha nikampigia bwana mifugo. Yeye ndiye aliyefika mwanzo, kwa pikipiki, kofia ya chuma bado kichwani akiingia bandani. Alimpima, akamfunua midomo, akanusa pumzi, akatoa damu shingoni kwa sindano, akaijaza kichupa chembamba cha kioo. Hakunieleza kitu. Alikwenda jikoni, akakisimamisha kile kichupa ndani ya bilauri dirishani, akasema tuiache damu itulie, kisha akarudi kumtundikia punda chupa ya maji ya mshipa kwenye boriti ya banda.

Mama akafika adhuhuri. "Shikamoo, mama," nikamwambia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanipita kando, hata ndani hakuingia, furushi la leso bado kwapani, moja kwa moja bandani. Punda aliisikia sauti yake kabla hajamwona. Sikio moja likainuka. Moja tu. Mama akamwekea paji la uso kwenye shavu, akasema, "Nimerudi, baba. Nimerudi. Mdogo mtu amejifungua mtoto wa kike, ana nywele tele." Akaanza kumpa habari za Majoreni, moja baada ya moja, kama aliyekuwa amemwekea.

Bwana mifugo akatuita jikoni. Akakinyanyua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Chini damu ilikuwa imetulia, nyeusi. Juu yake, mahali ambapo alisema pangepaswa kuwa na maji maji mepesi ya manjano, palikuwa peupe. Peupe pazito. Mama alikikaribia mpaka pua ikagusa kioo.

"Hili ni tui," akasema. "Tui la kwanza."

"Ndiyo, mama. Ni mafuta yake."

Maelezo yake nayasema kwa maneno yangu, maana mengine alisema Kizungu. Mafuta ya mwili, alisema, si mzigo uliolala tu. Yanatuma salamu kichwani kila wakati: tupo, tunatosha, acha kula. Kwa mnyama wa wastani kichwa husikia. Kwa aliyenona kupita kiasi salamu hizo ni nyingi mno, haziishi, kichwa huacha kuzisikia, kama anayekaa jirani na kinu cha kusaga unga. Kwa hiyo hula ingawa ameshiba. Na ukimnyima, mwili hauoni kwamba umepunguziwa, unaona ukame umeingia. Unapunguza matumizi, unakuwa bahili, unaleta njaa kali, vyote vya kutetea yale mafuta. Nilikuwa nimesimama kando ya meko nikimsikiliza akinieleza Diani yangu yote, ndimu zangu na alfajiri zangu za mchangani, na alikuwa akizungumzia punda.

Lakini kwa punda, akaendelea, kuna jengine. Njaa ikizidi ghafla mwili hufungua ghala. Kwa mwembamba hutolewa kwa kipimo. Kwa mnono kama huyu mlango ukishafunguliwa hauna wa kuufunga. Mafuta yanamwagika yote kwenye damu, ini linazidiwa, linajaa mafuta lenyewe, mnyama anakinaishwa na mafuta yake mwenyewe, anapoteza hamu. Na kwa kuwa hali kitu, mwili unazidi kumwaga. Akizidi kumwaga, anazidi kutokula. Alichora duara hewani kwa kidole, akakizungusha tena na tena.

Kisha akauliza, "Siku hizi alikuwa anakula nini?"

Mama akamjibu kabla yangu. "Pumba asubuhi, chapati jioni. Nilimwachia mwanangu. Huyu huwa haniangushi."

Maji ya bomba yalikuwa yakitona. Ningeweza kunyamaza. Bwana mifugo alikuwa akiangalia kichupa, na mama alikuwa ameshanijibia. Nikasema, "Sikumpa, mama. Nilimfungisha." Hakuelewa. Nikarudia. "Nilimfungisha saumu. Pamoja nami. Tangu siku ya kwanza."

Nilingoja anipige, au anilaani. Nilitaka anilaani. Mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi, ile mbuzi ya kukunia nazi, akapanga leso yake magotini, akaipanguza, akaipanga tena. Akasema, "Ukidhani atapungua."

"Nikidhani tutapungua."

Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akanyanyuka, akarudi bandani.

Bwana mifugo akasema jambo moja tu lililokuwa mikononi mwetu: ale. Ale chochote, kiwe kitamu, kiwe kibaya, ale. Uji wa sukari, molasi, chapati, ndizi, yote tuliyokatazwa sasa yalikuwa dawa. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa nikiwaokea wageni wa hoteli, nikaingia jikoni nimefunga, nikamwokea punda. Nilioka mkate wa ndizi. Nilipika chapati za maji zenye asali. Nilichemsha uji nikauwekea tui na sukari nyingi mpaka harufu ikanizungusha kichwa, tumbo likalia. Nilivipeleka bandani sinia baada ya sinia, navyo vikarudi. Kuku walinona siku zile. Nilijaribu kumfungua mdomo kwa nguvu nikamtia uji kwa kikombe, ukamtoka pembeni, ukachirizika kwenye tuta lake la shingo. Nililia pale, nikampiga ngumi ya bega nikimwambia, "Kula, shetani wee, kula!" Mama akanishika mkono. Hakunikaripia, aliushusha tu.

Yeye hakumletea chakula tena. Alikaa kwenye mtungi uliofudikizwa, akamnyooshea kiganja kitupu. Wazee wanasema mkono mtupu haulambwi. Punda aliulamba. Aliulamba polepole, pande zote, siku mbili nzima, na hakula kitu.

Siku ya tatu, baina ya adhuhuri na alasiri, alipiga magoti, akalalia ubavu. Mama alikuwa katikati ya habari ya mtu aliyepaka nyumba yake rangi ya waridi. Akaimaliza.

Nyama ya punda hailiwi na mwili wake hautupwi ovyo, kwa hiyo wanaume wa mtaa wakaja kuchimba. Walikuwa wamefunga, jua kali, na shimo la mnyama mnene kiasi kile si shimo la mchezo. Wakamburura kwa kamba, wakapumzika, wakamburura. Walewale waliokuwa wakiniita barabarani kuuliza saumu yamwendaje. Hakuna aliyetania. Adhana ya magharibi iliwakuta bado na makoleo, wakafuturu kwa maji na tende ukingoni mwa shimo, mimi nikiwapitishia sinia.

Bwana mifugo alipokuja kuchukua vifaa vyake nilimfuata mpaka kwenye pikipiki. Nikamwuliza, "Ni mimi niliyemuua?" Alivaa kofia, akaivua tena. Akasema huenda. Akasema pia punda akiachwa na aliyemzoea hugoma kula, na mnono akigoma hata siku chache ni yale yale, kwa hiyo huenda ingalikuwa hivyo hata kwa pumba na chapati. Akasema hana njia ya kujua ni kipi. Nilitaka hukumu. Hata ile ya kuniumiza ningeichukua nikaenda nayo. Aliwasha pikipiki akaniacha na "huenda" yake, na ndiyo niliyonayo mpaka leo.

Mama hakumtaja tena. Alimaliza Ramadhani kwa utulivu, na Majoreni hakurudi. Asubuhi ya Idd nilivaa gauni nililolishonesha mwezi wa Shaabani, la kunibana kidogo kwa makusudi, kwa kuwa nilitaraji kupungua. Mkono haukupita. Nilikaa kitandani nusu ndani ya gauni nusu nje, nikacheka peke yangu kicheko kibaya. Mwezi mzima nilifunga. Mmoja wetu alikufa kwa ule mfungo, na mwengine akaongezeka.

Basi baada ya Idd nikasema nifunge sita, zile siku sita za Shawwal. Safari hii nia moja, nilimwambia Mungu, moja tu. Kama aliisadiki sijui. Siku ya kwanza, saa sita mchana, nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele wa jioni. Mama akatoka jikoni na sahani. Ilikuwa na chapati mbili, zinatoa moshi. Akaiweka kwenye mkeka, akakaa mbele yangu.

"Kula."

"Mama, nimefunga."

"Najua. Sita si faradhi. Kula."

Nikamwambia, "Mama, jamani, ni siku moja tu hii." Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akaiangalia mishipa ya ndani ya kiwiko, akaibonyeza kwa kidole gumba mmoja baada ya mmoja. Nilimwona akilitafuta lile tui. Ndipo nilipofahamu kwamba tangu siku ile jikoni alikuwa akinitazama hivyo, kila nikiosha vyombo, kila nikitia udhu, wiki zote hizo za mfungo, na kwa kuwa ilikuwa faradhi hakuthubutu kunikataza.

"Mimi si punda, mama," nikamwambia. "Kwa binadamu si hivyo. Nitamwita bwana mifugo akueleze mwenyewe."

"Mimi sijui la binadamu. Nilijualo ni lile nililoliona dirishani." Hakuuachia mkono wangu. "Mwanangu, hapa nyumbani nimebaki na wewe. Usije nawe ukafunguka ghala."

Akaikunja chapati mara mbili. Akakinyoosha kiganja sawasawa, akaiweka juu yake, vidole amevibana, akanisogezea mdomoni polepole. Akaanza kunipa habari za mtaa, nani ameolewa, nani yuko hospitali.

Nikafungua mdomo, nikala.